Shangazi Sijaona na Mbavu Saba

Shangazi yangu Sijaona hapimi joto kwa kiganja. Anageuza mkono, anagusisha mgongo wa mkono kwenye chuma, kisha anautoa taratibu kama mtu aliyemgusa mtoto mwenye homa. Ngozi ya kiganja, anasema, ilishakufa zamani kwa kuni na ndoo. Haina habari yoyote ya kumpa.

Amefanya kazi miaka ishirini na sita katika nyumba ya kina Manish, ile nyumba ndefu ya mawe upande wa Ziwa Kindai, ambako asali ya Rungwa hufikia kabla ya kusafirishwa. Nyumba ilijengwa na mgeni mmoja aliyeuchukia upepo wa Singida. Upepo wetu wa Juni na Julai unauma kweli, lakini ni yeye peke yake aliyeagiza dawa yake kwa meli na treni: boila ya kuni nyuma ya nyumba, bomba refu la chuma linalopita chini ya ukuta, na rejeta saba za mvuke za kupasha sebule joto, zilizosimama sakafuni kama mbavu za ng'ombe. Ndiyo maana pale wote wanaziita mbavu. Mgeni aliondoka, akaja babu yake Manish na biashara ya asali, na sebule ikageuzwa chumba cha joto. Asali ikifika mjini mwezi wa Julai huwa imeganda kiasi kwamba kijiko kinasimama. Ndoo zinapangwa kando ya mbavu siku mbili tatu, kwa joto la kadiri, mpaka asali ilainike, ichujwe na kuingia kwenye chupa.

Boila ilikuwa ikitunzwa na mume wake shangazi, marehemu Mansuri. Alipofariki miaka tisa iliyopita alitafutwa mtu wa kushika nafasi yake, hakupatikana, na shangazi akaombwa awe anawasha moto kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo. Lakini hakuna aliyewahi kumwita fundi. Katika orodha ya wafanyakazi aliandikwa msafishaji.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Dodoma na nipo nyumbani nasubiri kazi. Shangazi aliniombea nafasi ya kubandika lebo kwenye chupa, kwenye meza iliyo pembeni ya chumba cha joto. Kazi hiyo haihitaji kuongea na watu, kwa hiyo niliipenda. Na kwa sababu nilikuwa pale, niliona yote.

Tatizo lilikuwa limekua polepole, mwaka hadi mwaka. Ubavu wa kwanza, ulio karibu na boila, uliwaka kama jiko. Ubavu wa saba, kule mwisho wa chumba, ulikuwa baridi kama kaburi. Shangazi akiongeza kuni ili joto lifike mwisho, ndoo za mwanzo zinaungua. Akipunguza, ndoo za mwisho hazilainiki kabisa. Juu ya hayo ubavu wa sita ulikuwa unagonga, pa! pa! pa!, kana kwamba kuna mtu amefungiwa ndani. Julai ya mwaka jana mteja wa Arusha alirudisha ndoo kumi na mbili. Asali ilikuwa nyeusi, inanuka sukari iliyoungua.

Jumatatu Manish alimleta fundi kutoka Dodoma. Yule bwana alizunguka na spana, akagonga bomba mara tatu, akasema mfumo umekufa kwa uzee na hakuna wa kuufufua. Alimaliza hata kabla chai haijaletwa.

Manish ni mtu mpole, na alizaliwa shangazi akiwa tayari yuko kwenye nyumba ile. Alimfuata pale kwenye kuni.

"Bi Sijaona, nimeamua. Nitafunga hita za umeme. Jumamosi Festo wa vyuma chakavu atakuja kuzikata hizi mbavu."

"Na moto nani atauwasha?"

"Hita hazihitaji moto, zinabonyezwa tu. Wewe umechoka, utapumzika sasa."

Shangazi aliweka gogo chini. "Nipe mpaka Ijumaa."

"Bi Sijaona, fundi amesema..."

"Fundi amekaa hapa dakika kumi. Mimi nina miaka ishirini na sita. Nipe siku nne."

Manish alijikuna shingo, akakubali. Njiani kurudi nyumbani, shangazi alisimama sokoni.

"Kauthar, ukisikia bosi anakwambia utapumzika, anza kufunga mizigo."

Nilijua anaogopa nini. Kile chumba ndicho kilichobaki cha kazi ya mume wake, na ndicho kitu pekee hapa mjini ambacho yeye alikijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Jumanne asubuhi alikuja na donge la nta ya nyuki. Alilikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, akavipanga juu ya kila ubavu, vitano vitano, kuanzia upande bomba linapoingia hadi upande wa pili.

"Msomi, chukua daftari," aliniambia. "Nta ikiyeyuka, andika ipi na saa ngapi. Mkono wangu unaweza kunidanganya kwa kuwa nina hamu. Nta haina hamu."

Aliwasha moto. Nilikaa na daftari langu. Juu ya ubavu wa kwanza na wa pili, nta yote iliyeyuka. Juu ya wa tatu, vipande vitatu tu. Wa nne na wa tano, kipande kimoja kimoja, kile kilicho jirani na bomba. Wa sita na wa saba, hakuna hata kimoja kilichotoa jasho.

Shangazi aliinama juu ya daftari, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya ubavu wa nne. "Umeona? Mwanzoni moto, mbele baridi. Mvuke unaingia, halafu unasimama mlangoni. Kuna kitu ndani kinaukatalia."

"Labda uchafu?" nilisema.

"Labda." Lakini hakuridhika. Alirudi kwenye kazi yake ya kujaza chupa, maana kazi za siku zilikuwa palepale. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia mpare, ule mrija mpana wa kumiminia, na kwa kutozoea niliubana sana kwenye mdomo wa chupa. Asali ikasimama. Ilijaa juu, haishuki.

"Inua kidogo!" alifoka. "Hewa itatokea wapi? Chupa si tupu, ina hewa ndani. Ukiiziba..."

Alitazama chupa, akatazama ubavu wa nne, kisha akatamka neno moja la Kinyaturu ambalo sitaliandika hapa. Aliniachia asali mikononi akaondoka.

Nilipomfuata alikuwa anapapasa ule upande wa ubavu usio na bomba. Katikati ya chuma palikuwa na kivimbe kidogo, rangi yake ileile ya kijani ya mbavu zote, laini na kinang'aa. Mtu angedhani ni sehemu ya pambo. Shangazi alikwangua kwa ncha ya kisu. Rangi ikabanduka ganda juu ya ganda, na chini yake ikatokea shaba, na katika shaba tundu dogo kama la sindano, limezibwa kabisa.

"Pua," alisema polepole. "Hii ni pua yake. Ndimo hewa inamotokea, mvuke upate nafasi."

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Yeye hakufurahi. Alikwenda kwenye sanduku la vifaa la marehemu Mansuri, akachimba hadi chini, akarudi na fungu la vitambaa vidogo vilivyokakamaa kwa rangi. Kila kimoja kilikuwa na alama ya fundo. Alivihesabu sakafuni. Vilikuwa saba.

"Miaka yote hii nilidhani ni matambara yake ya kufutia brashi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwaka kabla ya Diwali nyumba ile hupakwa rangi upya. Mama yake Manish, Mama Urmila, hakubali sikukuu iingie ikute ukuta uliopauka. Mansuri alipokuwa hai, mbavu alizipaka yeye, na kila pua alikuwa akiivika kitambaa kwanza. Alipofariki, brashi aliishika shangazi. Tena alijivunia. Aliingiza rangi kila kona, hata pale pasipoonekana. Alipaka maganda tisa ya rangi ya mafuta juu ya pua saba, na kila mwaka alipongezwa.

"Shangazi," nilisema kwa sauti ya chini, "tuzikwangue tu. Fundi ameshasema ni uzee. Hakuna haja mtu mwingine ajue."

Alinitazama kama nimemmwagia maji. "Ndoo kumi na mbili zimeungua, Kauthar. Akiulizwa aliyeziunguza, ajitokeze nani, chuma?"

Jumatano asubuhi alivaa kanga safi, akaenda barazani walipokuwa Manish na mama yake wakinywa chai. Mimi nilibaki nyuma ya mlango. Nilimsikia akiamkia, kisha akasema moja kwa moja, bila kuzunguka:

"Mbavu hazijafa kwa uzee. Nimeziziba mimi, kwa rangi, miaka tisa. Naweza kuzizibua. Lakini kabla sijazizibua nataka mjue ni mimi."

Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Kwa hiyo asali ya Arusha..." alianza Manish.

"Ni mimi."

"Subiri kwanza," alisema Mama Urmila. "Rangi ilichaguliwa na nani? Na ni nani alikuwa anapita na kidole anasema, Sijaona, hapa hapajang'aa, rudia?"

"Ni wewe, Mama Manish."

"Haya. Tuligombana hata na yule muuza rangi kwa ajili ya ile kijani." Akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi. "Tumeipamba nyumba mpaka ikakosa pumzi! Manish, mwache afanye kazi yake. Na wewe Sijaona, mara nyingine nikikwambia rudia, nikatalie."

"Nikukatalie wewe? Bora nipambane na boila."

Manish hakucheka. Alisema tu, "Ijumaa ni keshokutwa, Bi Sijaona." Lakini alisema kwa upole.

Moto ulikuwa umezimwa tangu jana yake, chuma kimepoa. Shangazi alifungua pua zote saba kwa spana ya mume wake, akazitumbukiza kwenye kopo la tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi. Mchana kutwa tulizisugua kwa mswaki, tukachokonoa matundu kwa sindano ya kushonea magunia, taratibu, kwa kuwa ndani ya kila pua kuna kitu chepesi kinachopanda kuziba tundu mvuke ukifika. Alinionyesha kwa kupuliza: hewa ilipita, pii, kama filimbi ya mtoto.

Alhamisi tulishughulika na ubavu unaogonga. Alichukua mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi hupimia msingi, akaujaza maji. Tukashika huku na huku. Maji yalionyesha kuwa sakafu imedidimia upande wa pua, kama upana wa vidole viwili.

"Mvuke ukipoa unakuwa maji," alisema, "na maji inabidi yarudi kwa njia ileile ya bomba. Huyu amelala vibaya. Maji yanabaki ndani, mvuke ukija unayapiga ukutani. Ndiyo maana analalamika."

Tulichonga vipande vya mninga, tukainua miguu ya upande ule kidogo kidogo mpaka maji ya mpira yakakubali.

Ijumaa saa nne Manish na mama yake walikuja kusimama mlangoni. Shangazi alikuwa ameshapanga nta, vipande thelathini na tano. Safari hii alitia kuni nusu ya zile za siku zote. Manish aliona, akalitazama rundo lililobaki.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ubavu wa kwanza ukaanza kupumua, sss, ukanyamaza kwa mlio mdogo wa tik. Ukafuata wa pili. Wa tatu. Pumzi ilikuwa inatembea chumbani kutoka ubavu hadi ubavu, na nta ikaenda nayo, kipande kimoja baada ya kingine kikilegea na kung'aa. Wa sita haukugonga. Wa saba ulichelewa. Shangazi alisimama mbele yake, mikono nyuma, na niliona vidole vyake vimekamatana kwa nguvu. Sss. Tulisubiri. Tik.

Niliandika saa kwenye daftari.

Manish alitembea chumba kizima akigusa mbavu moja moja. Mwishoni alisimama akitazama kidole chake chenye nta. "Zote sawa," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Alitoka nje kwenda kuuambia mji mzima, isipokuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Festo alifika na toroli, msumeno na mkoba wa vifaa, akaingia moja kwa moja chumba cha joto. Ndoo zilikuwa zimepangwa tayari kando ya mbavu zote saba, na harufu ilikuwa ya maua.

"Shikamoo mama. Nimefuata chuma."

"Marahaba. Chuma kiko kazini."

"Aa, mama, usinitanie. Nimeambiwa fundi amesema hivi vitu vimekufa. Yuko wapi fundi nizungumze naye?"

Manish alikuwa ametokea mlangoni nyuma yake, ameshika kichwa kwa kukumbuka kosa lake. Alitazama toroli, akamtazama shangazi.

"Unazungumza naye, Festo," alisema. "Fundi ni huyo."

Nilimwangalia shangazi nione atafanya nini na neno hilo, baada ya miaka tisa. Hakufanya kitu. Aligeuza mkono tu, akaugusisha mgongo wake kwenye ubavu wa saba, akauacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Festo," alisema bila kugeuka, "ukitoka funga mlango. Unanipotezea joto."