Kwa Nini Mume Wangu Alitaka Sakafu Nyeusi

Maman Martine alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni kwangu, akatembea kidogo, kisha akapiga magoti na kuanza kuita jina la mtoto aliyekufa.

Alikuwa ameinamisha uso kabisa. Anaziita mbao za sakafu.

"Chérie! Chérie wangu!"

Nilidhani akili zimemruka. Banange, kumbe asiyejua kitu ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Naitwa Yunia. Ni Mukonzo wa Bwera, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, nauza vitenge sokoni. Meza ya pembeni yangu ilikuwa ya Maman Martine, Mkongo wa upande wa Beni aliyekimbia vita. Mume wake aliuawa. Binti yao, Chérie, alikufa kwa homa njiani, wakiwa wamejificha porini.

Yule mama alikuwa dada kwangu. Nilipomzaa Medius wangu kwa upasuaji, yeye ndiye aliyeniogesha.

Kitu alichopenda kusimulia ni nyumba yake. Marehemu mumewe alikuwa seremala, na sakafu yote aliitandika mbao ngumu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mutu akiingia na matope, bwana yangu alikuwa anamutazama tu, mupaka anajisikia haya," alikuwa akisema, anacheka. "Siku moja bita itaisha, Yunia. Nitarudia kwangu."

Kisha ikaja habari kwamba nyumba imechomwa moto. Imebaki majivu.

Siku ile hakufungua meza. Na neno la kurudi kwao sikulisikia tena mdomoni mwake.

Sasa, mume wangu. Tsongo ni mnunuzi wa kahawa, anavuka mpaka wa Mpondwe kama mtu anayevuka kwenda kwa jirani. Tulikuwa tunajenga Kasese, kwenye barabara ya kwenda Kilembe. Nilimwomba sebule ya mbao. Hadithi za Maman zilikuwa zimeniingia.

Alicheka tu.

Baadaye fuso ikashusha mbao kiwanjani. Mbao za kizamani, nzito, zenye matundu ya misumari.

"Umezitoa wapi?"

"Kuna nyumba ya Mzungu wa mashamba ya kahawa, imebomolewa. Bahati yako."

Nilimkumbatia mbele ya mafundi. Mnaona ujinga?

Fundi wa sakafu alikuwa Anselme, mtu wa Butembo, mpole, haongei ovyo. Akachukua kipande kimoja cha mbao, akakisugua kwa msasa, akakigawa sehemu tatu. Ya kwanza akaipaka mafuta matupu. Ya pili akaipaka rangi ya kahawia nyekundu. Ya tatu, nyeusi kama lami.

"Madame, usichague rangi ukiwa dukani," aliniambia. "Weka humu ndani, uiangalie asubuhi, uiangalie na jioni. Mwanga wa chumba ndio unasema kweli."

Nikaiangalia. Ile ya mafuta ilitoka rangi ya asali, yenye mistari ya giza kama maji yanayotembea. Nilipenda mpaka nikaipapasa.

"Hii," nikasema.

"Umechagua vizuri. Mafuta inaingia ndani ya mbao. Ikichubuka, unapaka pale pale. Vanishi inakaa juu. Ikianza kubanduka, ni kusugua yote upya. Na nyeusi itakuonyesha kila vumbi."

Tsongo akatokea mlangoni.

"Nyeusi," akasema.

"Baba Medius, hebu kwanza uone hii ya..."

"Yunia, nimesema nyeusi. Na vanishi nzito juu. Fundi, usinipotezee muda na msasa. Pitisha kidogo, paka."

"Patron, hii mbao ilipakwaka nta zamani. Bila kusugua sana, vanishi haitashika."

"Paka!"

Aliamuru kama afande. Anselme akanitazama, mimi nikatazama chini. Nilijiambia ni ubishi wa mwanaume na nyumba yake.

Ikawa nyeusi. Inang'aa kama gari la bwana harusi. Tukahamia. Wageni walisifu, ila mimi nikikaa pale usiku nilihisi nimekaa juu ya shimo.

Nilitaka kumwalika Maman Martine aje kuona nyumba. Tsongo akakataa.

"Yule mama ana huzuni nyingi. Usiniletee machozi ndani ya nyumba mpya."

Nikatii. Mpaka leo neno hilo linaniuma.

Mvua zilipoanza, vanishi ikabanduka kama Anselme alivyosema. Ikawa inatoka magamba, mtoto anayaokota anataka kula. Tsongo alikuwa Kampala na mzigo wa kahawa. Nikajiambia, sasa ndiyo nafasi yangu. Nikamwita Anselme na mashine yake ya msasa.

"Toa weusi wote. Safari hii ni mafuta."

Na nikampigia simu Maman Martine. "Njoo Kasese unisaidie kuangalia rangi. Wewe ndiye unayejua mbao."

Alikuja na ndizi na kitenge cha zawadi. Anselme alikuwa amemaliza kusugua, chumba chote kimekuwa rangi ya asali, vumbi bado linaelea. Karibu na dirisha, ubao mmoja ulikuwa na alama nyeusi ambayo msasa haukuitoa. Alama ya pasi ya mkaa.

Hapo ndipo alipopiga magoti.

"Chérie ndiye aliangusha pasi," alisema, kidole chake kinazunguka ile alama. "Aliogopa baba yake. Akakalia ile alama isionekane. Siku muzima akakaa pale, akakataa hata kula, mupaka tukamubeba. Bwana yangu alipoona, alicheka sana. Akasema isitolewe, ibaki."

Nikauliza, kama mjinga:

"Lakini Maman, si nyumba yako iliungua?"

Akainua uso.

"Ni bwana yako aliniambia vile."

Anselme akazima redio yake ndogo ya kazini.

"Nilimupatia ufunguo, Yunia. Alisema anaenda Beni kutafuta kahawa, ataniangalilia nyumba. Akarudia, akasema yote ni majivu."

Nikamwambia Anselme azing'oe zote, nimrudishie mwenyewe.

"Nitapeleka wapi?" Maman akauliza. "Kachumba nalipia Bwera iko udongo chini. Muchwa itakula." Akamgeukia Anselme. "Maliza, mwana. Paka mafuta. Usiache mbao ikae wazi hivi."

Akavaa viatu vyake nje. Hakukubali nimsindikize.

Tsongo aliporudi, hata hakukana.

"Vita ile kila mtu alichukua. Ningeziacha, waasi wangepikia."

"Na uongo wa moto?"

"Angerudi kule wangemuua. Mimi nimemwokoa!" Kisha akaninyooshea kidole. "Na nani alinililia sakafu ya mbao? Si wewe?"

Nilipeleka kesi kwa wazee wa ukoo wake. Wakanywa chai, wakasema mambo ya Kongo yaishie Kongo.

Nikabeba watoto, nikarudi kwa mama yangu Bwera, na kwenye meza yangu ya sokoni. Tsongo bado anaishi kwenye nyumba ile. Nasikia sakafu imetoka nzuri ajabu.

Maman Martine alivuka mpaka kwenda kuona nyumba yake kwa macho yake mwenyewe. Aliporudi, alikuja mezani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile.

Ukuta umesimama. Bati hakuna, milango hakuna, mbao hakuna. Moto haukufika mtaa ule hata siku moja. Majirani wake wamo, wanalima, wanasali kanisa lile lile. Angeweza kurudi muda wote huo.

"Na wao hawakumzuia Tsongo?" niliuliza.

"Bangemuzuia namna gani? Alikuja na ufunguo yangu. Akasema mimi ndiye nimemutuma. Bakafurahi kusikia niko muzima, bakamusaidia kupakia." Akakunja upya kitenge kimoja mezani kwangu. "Bakamupa na salamu, aniletee."

Salamu zile hazikumfikia.

Ndugu zangu mnaosoma, mtu wako akikazana kufunika kitu, usihangaike kubishana naye juu ya rangi. Muulize anafunika nini. Na muulize mapema, wakati mwenye mali bado ana kwao pa kurudi.