Mnajimu wa Chumba cha Chini

Waraka wa Mkurugenzi Mkuu ulibandikwa kila ghorofa, umegongwa mihuri miwili ili usidharauliwe: kuanzia tarehe mosi, hakuna kitu kitakachopita ndani ya mtandao wa kompyuta wa Shirika la Maji bila kuonekana. Neno "hakuna" lilipigiwa mstari.

Mtu aliyetakiwa kuona kila kitu alikaa chumba cha chini, kando ya stoo ya viti vibovu, na miwani yake ilishikiliwa kwa gundi. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Alizichomoa kwa kalamu, kwa rula, na mara moja kwa meno, jambo ambalo hakumsimulia hata mkewe. Kisha akajifundisha kuuchora mtandao. Kila kompyuta nukta, kila mazungumzo ya kompyuta mbili mstari, na mazungumzo yakizidi kawaida mstari unaiva mwekundu. Hakuna binadamu awezaye kusoma rekodi milioni tatu kwa siku, alisema, lakini jicho huona chunusi usoni bila kuhesabu vinyweleo. Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe, na hakuna aliyepanda naye lifti akashuka bila kuisikia.

Skrini yake ilifanana na anga lenye nyota, basi wenzake wakamwita Mnajimu. Siku mbili za kwanza alinuna. Ya tatu akaanza kuitika kabla hajaitwa.

Mkurugenzi alimpa miezi mitatu. Picha ikikamata kitu, chumba na cheo ni vyake. Isipokamata, anarudi kwenye printa. Siku ya kuhukumiwa ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Kufikia Jumatano alikuwa amekamata saa moja ya ukutani iliyounganishwa na mtandao, ambayo iliuliza majira mara nyingi kuliko saa yenye akili timamu.

"Hongera, baba," mkewe alimwambia. "Saa umekamata. Kesho ukamate kalenda."

Alhamisi mchana mstari mwekundu ukachomoza masijala. Akachukua walinzi wawili, akapanda kwa ngazi kwa kuwa aliona lifti haina hadhi ya operesheni, na akafika ghorofa ya tatu akihema kama aliyekuja kuomba maji. Alimnyooshea kidole dada wa masijala, mtunza mafaili wa siku nyingi.

"Mikono juu ya meza! Acha hiyo kompyuta!"

Dada akaacha. Kwenye skrini, mwalimu wa mazoezi alikuwa akionyesha namna ya kunyoosha mgongo bila kuinuka kitini.

"Kwani mgongo wangu umekuwa siri ya serikali?" dada aliuliza.

Walinzi wakatazama dari. Mmoja, wakiondoka, alirudi kuuliza jina la hiyo video.

Baada ya saa moja dada akateremka chumba cha chini. Mnajimu alijua amekuja kumtukana, akasogeza kikombe chake mbali na ukingo wa meza.

"Nimekuja kuona nyota yangu," dada alisema. "Maadamu nimeaibishwa, bora nijue niling'aaje."

Akamwonyesha. Dada akaweka kidole kwenye kioo.

"Mimi huyu. Na huyu?"

"Mkuu wako wa idara."

"Ndiyo maana kapoa. Na printa yetu?"

"Printa hazimo."

"Hazimo kwa nini, kaka?"

Mnajimu akakohoa. Jibu la kitaalamu alikuwa nalo: printa hubwabwaja mno, zinachafua picha. Lilikuwa jibu zuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba, siku ya kwanza alipopewa uwezo wa kufuta kitu duniani, alifuta printa zote mia mbili na kumi na nne kwa kubonyeza mara moja, akaegemea kiti, akaona raha ya mtu aliyemzika adui yake.

"Maana yetu haichapi tangu mwezi wa pili," dada aliendelea, "ila taa zinapepesa kutwa. Mimi nilidhani inafikiri."

Mnajimu hakucheka. Alizirudisha printa zote, na picha ikafurika nukta. Katikati yake, kutoka masijala, ulitokeza mstari mwekundu mnene kama mshipa wa shingo ya mtu anayebishana, ukienda nje ya shirika kwenye anwani isiyojulikana. Mtu wa mbali alikuwa ameingilia kwenye printa, na kwa miezi mitatu alikuwa akinyonya mafaili ya wateja bila haraka, mbele ya macho ya bingwa wa kuona.

Walipanda pamoja. Dada mwenyewe akachomoa waya.

"Si umekamata! Mbona umekunja uso?"

"Mzee ataniuliza miezi yote hiyo nilikuwa wapi."

"Mwambie umeiona leo."

"Na jana?"

"Jana ulikuwa na saa."

Ijumaa Mkurugenzi akaja na wakuu wanne nyuma yake. Hotuba ya kurasa tatu ambayo Mnajimu alikesha akiiandika ikamyeyuka mdomoni.

"Mzee, mwizi alipita kwenye printa. Printa nilizificha mimi mwenyewe. Sizipendi."

Mkuu mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Na sasa hakuna kilichofichwa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna, mzee."

"Vizuri sana." Akainama karibu na kioo. "Na hii nyekundu ya huku juu?"

"Ghorofa ya tano, mzee."

"Naona. Ya nani?"

"Kompyuta ya ofisini kwako, mzee. Inapakua filamu. Hiyo ni ya nne tangu asubuhi."

Jumatatu barua ikafika. Amethibitishwa kuwa Mkuu wa Kitengo cha Uangalizi wa Mtandao na, kwa kuwa ameonyesha uelewa wa pekee wa printa, ataendelea kuzihudumia. Skrini ikahamishiwa mapokezi, juu ya ule waraka, ili wageni waione. Printa zote mia mbili na kumi na nne zimo. Ghorofa ya tano haimo.