Moduli ya Kumi na Saba

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa kompyuta Machakos, nikizunguka shule zilizokuwa na mashine moja moja, na nilikuwa nimechoka kuitwa kila mara eti kompyuta "imelala". Asubuhi moja, kompyuta iliyolala ilikuwa ya shule moja kwenye barabara ya Kola. Programu ya ripoti za wanafunzi ilikataa kufunguka, na shule ilikuwa ifungwe kesho yake.

Nilimkuta karani ameshaandika barua ya kujieleza, kama mwalimu mkuu alivyomwamuru. Alikiri kwamba aliipangusa kompyuta vumbi kwa kitambaa cha maji, akaomba asifutwe kazi.

"Fundi, ni hiyo maji, si ndiyo?" aliniuliza. "Niko na watoto watatu, na huyu mzee hana mchezo."

"Mama, hebu ngoja kwanza," nikamjibu kwa ukali wa bure. Sikuwa hata nimekunywa chai.

Programu si kitu kimoja. Ikiamka huita vipande vyake, yaani moduli, kimoja baada ya kingine, na kimoja kikikosa kuitika, yote hugoma. Nilikuwa na disketi yenye programu ndogo ya kufuatilia mwito huo. Majina yakateremka kwenye skrini, nami nikayatia alama kwa biro, moja moja, macho yakiniwasha. La kumi na saba halikupatikana.

Jina hilo nililijua. Katikati ya muhula mwalimu mkuu aliniita niondoe mchezo wa karata, kwa sababu walimu waliucheza badala ya kusahihisha. Nilipokuwa nikiuondoa, kompyuta iliniuliza kama nifute pia moduli ambayo huenda programu nyingine inaihitaji. Nilikuwa na haraka ya kwenda shule nyingine. Nikabonyeza ndiyo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa programu ya ripoti, mpaka muhula ulipoisha.

Moduli hiyo nilikuwa nayo kwenye disketi. Nikairudisha, programu ikafunguka.

"Woi, Mungu ni mwema!" karani akapiga makofi.

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. "Ilikuwa maji?"

Nilifikiria shule zote ambazo zingesikia habari zangu.

"Unyevu kidogo," nikasema. "Umekauka."

Hakufutwa kazi. Barua yake ilitiwa kwenye jalada lake, ikahesabiwa onyo la kwanza. Alinisindikiza hadi getini, akanipa mfuko wa mbaazi mbichi kwa kumwokoa.

"Hiyo kitambaa nimetupa," akaniambia. "Sitarudia tena."

Nikamwambia amefanya vizuri. Naona aibu mpaka leo.