Fomu Iliyouliza "Umeoa?"

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji, karibu na River Road, nilipewa ufagio. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha darasa la saba mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia kaburini, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Msimamizi wa chumba cha herufi alikuwa mzee wa Lamu ambaye jioni alifundisha watoto Kurani, kwa hiyo sote tulimwita Maalim. Alinionyesha herufi za chapa, za madini ya risasi, zilizomwagika sakafuni.

"Ziokote," akasema. "Kila moja irudi nyumbani kwake."

Nyumba zenyewe zilikuwa vijumba vya sanduku la mbao, herufi kubwa sanduku la juu, ndogo sanduku la chini. Mpangaji wa herufi alizichomoa moja moja akazipanga kichwa chini ndani ya kishikio cha chuma tulichokiita stiki. Mimi nilijifunza kuzisoma hivyo hivyo, kichwa chini, nikiwa nimepiga magoti. Mwezi wangu wa nne kazini nilimwonyesha Maalim n iliyokaa mahali pa u katika ukurasa uliokuwa tayari kwenda mashineni. Hakunisifu. Alininyang'anya ufagio, akanipa stiki.

Wapangaji wengine, wote wanaume, waliacha kazi wakanitazama.

"Maalim, sasa chai itapikwa na nani?" mmoja akauliza.

"Wewe," Maalim akajibu. "Mikono yako ndiyo mizito."

Wakati huo tulikuwa bado tunaishi Kitisuru, katika chumba cha uani, kwenye nyumba ambamo mama alikuwa yaya. Mwenye nyumba alikuwa mpole, ila yaya mpya alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na chumba kilikuwa chake. Baba mdogo aliandika barua kutoka Kakamega: watoto wagawanywe, kila mmoja na jamaa yake. Kitinda mimba wetu, Timona, alikuwa na miaka minne. Niliisoma barua hiyo mara moja, nikaificha chini ya godoro.

Kiwanda kilikuwa na vyumba vya wafanyakazi upande wa Kangemi. Fomu ya kuviombea tuliichapa wenyewe, na kwa mikono yangu nilikuwa nimewahi kuzirudisha herufi zake sandukuni. Swali la tatu liliuliza: Umeoa? Nikaandika la, kwa kuwa sikuwa nimeoa. La nne lilitaka jina la mke na idadi ya watoto. Nikaliacha wazi. Juu nikaandika jina kama ilivyokuwa desturi ya ofisi, R. Ayuma.

Baada ya wiki moja nikajibiwa kwamba nimepata nafasi. Tulitembea wote watano kutoka Kitisuru, godoro kichwani kwangu, Timona ameshika sufuria. Mlinzi langoni alitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama karatasi tena.

"Ayuma ni nani?"

"Ni mimi."

"Hii ni kitanda ya bachela, dada. Chumba ya wanaume sita. Wewe ndio wa sita."

Ndani mtu akasema, "Mwache aingie, sisi hatubagui," na wengine wakacheka.

Niliganda pale langoni, godoro likiwa bado kichwani. Nilikuwa nimesema kweli katika kila mstari, na kweli hiyo ilikuwa imenifanya mwanamume. Tuligeuka tukarudi Kitisuru. Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi uishe.

Asubuhi nilimweleza Atieno, msichana wa rika langu aliyeshona vitabu chumba cha pili. Alifungua mdomo, asicheke.

"Na wewe ukajibu? Mimi niliiacha palepale. Nalea mama yangu na watoto wawili, na hakuna mahali pa kuwaandika."

Tukaenda wote wawili kwa Maalim.

"Maalim," nikauliza, "mwanamke huoa?"

"Haoi. Huolewa. Nani kakufunza vingine?"

"Fomu yetu."

Nikaiweka mbele yake. Alivua miwani. Huyu ndiye mtu aliyeweza kusimamisha mashine kwa sababu ya nukta, na kosa hili lilikuwa limetoka mezani kwake mwaka baada ya mwaka. Aliketi juu ya sanduku.

"Sikuliona," akasema. "Wallahi sikuliona." Kisha akachukua kalamu. "Tutie 'Umeoa au umeolewa'."

"Haitoshi, Maalim," Atieno akasema. "Rispa hajaoa wala hajaolewa, na wadogo wake wanatupwa nje. Uliza tu, unalala na nani?"

"Unaishi na nani," Maalim akamsahihisha upesi, masikio yamemwiva.

Atieno akaongeza kwamba wengi wa washonaji hawakujua kuandika; afadhali viwepo vijumba vya kutia alama. Nilivitengeneza kwa vipande vya chuma vya kuchorea mistari, kimoja cha mzazi, kimoja cha ndugu, kimoja cha mtoto. Tukatoa nakala ya kwanza, Maalim akaipeleka mwenyewe kwa Meneja, sisi tukisimama mlangoni.

"Nani ameagiza haya?"

"Lugha, Bwana Meneja. Ile ya zamani ina kosa. Siichapi tena."

"Kosa hilo umeliona leo?"

"Leo. Na aibu nimeiona leo."

Meneja akavuta kalamu, akatia sahihi. Wiki hiyo hiyo fomu zilirundikana mezani kwake, za wafagiaji, za washonaji, za mama wa chai, kila moja na alama zake. Alizipekua kama mtu aliyekuta wageni chumbani kwake.

"Hawa wote walikuwa wapi?"

"Hapahapa," Atieno akasema.

Siku moja kabla ya mwezi kuisha, Timona alilala katika chumba chetu cha Kangemi, kati yangu na ukuta. Barua ya baba mdogo niliijibu kutoka huko.

Nilipanga herufi hadi zile za risasi zilipoacha kutumika, na mwishoni nilikaa kwenye kiti alichoacha Maalim. Siku ya kustaafu ofisi ilinipa cheti chenye fremu, kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu: Bwana R. Ayuma. Wasichana niliowasimamia walishtuka, wakataka kunichapia kingine. Niliwakubalia, na hicho kipya kipo kabatini.

Cha "Bwana" ndicho nilichotundika ukutani. Kimekaa sawa, hakina kosa la nukta, na kila mjukuu wa Timona anayejifunza kusoma huniuliza ni cha nani.