Mkaguzi na Jiko la Rangi ya Uji

Kiwandani walimwita Mkaguzi, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Tangu usichana wake hadi siku aliyostaafu, kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa mstari wa cherehani na kukagua mashati kabla hayajakunjwa. Uzi umechomoza, kifungo kimekaa upande, kola imevimba: anabetua midomo, analitupa shati kwenye kapu la nyuma bila hata kumtazama aliyelishona. Washonaji walimchukia, naye hakuona sababu ya kujali. Mtu asiyejua kushona kola, chuki yake ya nini?

Alistaafu yeye, jicho halikustaafu. Likahamia kwenye mapazia ya majirani, kwenye viatu vya watoto wao, kwenye namna walivyoanika nguo ovyoovyo kama watu wanaokimbia vita. Zaidi ya kote likahamia nyumbani kwa mdogo wake, fundi saa, mwanamume mpole aliyekuwa na kibanda chake pembeni mwa stendi. Mke wa kwanza wa fundi saa, alipokuwa hai, Mkaguzi hakumwona na jema hata moja: mchuzi maji matupu, kicheko cha kuamsha mtaa. Alipofariki akageuka malaika ghafla, na kila mwanamke aliyemsogelea mjane yule akapimwa kwa malaika huyo, akapungua.

Aliyekuja kuolewa alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye duka la daftari na kalamu karibu na shule. Mkaguzi alimpandisha na kumshusha mara moja tu, akamaliza. "Hana ladha," alimwambia jirani yake. "Mtu kama kitambaa ambacho hakijatiwa rangi."

Haukupita muda mrefu fundi saa akafunga kibanda. Aliposema amechoka, Mkaguzi akasonya. Amechoka na nini, kukaza skrubu? Ni huyo mwanamke, amemzoesha kukaa kitini kama mto. Mtu aliyekuwa akifungua saa ndogo kama punje ya mahindi, leo anashinda barazani anasikiliza redio!

Basi ikafika zamu ya jiko. Makabati ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa, na wanandoa wakaamua kujenga mapya ya mbao za kubandikwa lamineti, ile karatasi ngumu ya plastiki inayogundishwa juu ya ubao. Fundi saa akamwambia dada yake, "Twende wote dukani, dada. Wewe una jicho." Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo akaenda.

Dukani walipokewa na kijana aliyevaa suruali ya kubana na manukato ya kutosha harusi nzima. Akawatandikia vipande vya sampuli mezani na kuvitaja majina kama anayetambulisha mabinti zake: Mchanga wa Asubuhi, Pumziko, Asali Tulivu.

"Mwanangu," Mkaguzi akasema, "hii ni kahawia. Na hii ni kahawia iliyofuliwa. Unatutajia majina ya nini, tunabatiza?"

Kijana akacheka kwa adabu. Mke wa fundi saa hakucheka. Alikuwa anachukua kipande kimoja kimoja, anakipeleka mlangoni kwenye mwanga, anarudi nacho, anamwekea mumewe mbele ya uso. "Hii unaionaje? Na hii? Hii inakuchoma?" Fundi saa akawa anavipapasa kwa vidole, anatikisa kichwa, anapapasa tena. Mkaguzi aliona aibu kwa niaba yake. Mwanamume mzima anaulizwaulizwa kama mtoto anayechaguliwa kofia!

Mwisho wakakubaliana: milango iwe ya rangi ya mchanga yenye joto kidogo ndani yake, isiyong'aa hata chembe, kingo na vishikio viwe vya kahawia nzito kama chai iliyochemka sana.

"Uji," Mkaguzi akatamka. "Umechagua uji, wifi, kisha umeumwagia chai pembeni."

"Uji haujamuumiza mtu, wifi," yule mama akajibu, akaendelea kuzungumza na kijana juu ya gundi.

Kuanzia siku hiyo Mkaguzi alimwita Bi Uji, na jirani yake akacheka mpaka akashika ubavu.

Wiki ya kazi ilipofika, wanandoa walisafiri kwenda kumuuguza mama yake Bi Uji. Ufunguo wakamwachia Mkaguzi ili amfungulie seremala na kumwangalia. Kumwachia Mkaguzi ufunguo! Asubuhi ya kwanza alisimama katikati ya jiko tupu, akawaza dada wa malaika aliyefariki wakija kutembea na kukuta uji ukutani. Seremala alipoingia na vipimo vyake, hakumpa nafasi ya kuweka begi chini.

"Mwenye nyumba amebadili mawazo. Weka nyeupe, ile inayong'aa kama kioo. Vishikio vyeupe pia."

Seremala akakuna shingo. "Mama mwenye nyumba alisisitiza sana isiyong'aa."

"Ufunguo ameachiwa nani?"

Seremala alikuwa na watoto na kazi nyingine iliyomngoja. Akaweka nyeupe.

Mkaguzi aliyakagua makabati yale na hakupata pa kubetulia midomo. Yaliwaka. Ukijitazama unaona meno yako. Siku wanandoa waliporudi, aliwangojea pale pale jikoni, mikono kifuani, dirisha amelifungua wazi ili jua liingie lote.

Fundi saa ndiye aliyetangulia. Akakanyaga kizingiti, akasimama, akainua kiganja mbele ya uso kama mtu aliyemulikwa tochi.

"Pazuri," akasema. "Pazuri sana, dada." Akapiga hatua kuelekea kwenye vikombe. Mlango mmoja wa kabati la juu ulikuwa wazi, mweupe mbele ya weupe. Akaugonga kwa paji la uso kwa nguvu zote. Akayumba, akatafuta pa kujishika, mkono ukateleza, na vikombe viwili vikashuka sakafuni pamoja naye.

Bi Uji aliangusha mizigo mlangoni. Akapiga magoti, akabana jeraha kwa mtandio wake, na alipoona damu imepungua ndipo akainua macho kuyatazama makabati.

"Huyu seremala amefanya nini?"

"Hajafanya kosa," Mkaguzi akasema, ingawa sauti yake haikutoka na ukubwa aliouandaa. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilitaka muwe na jiko, siyo bakuli. Na huyu naye, mlango mkubwa kama ule hauoni?"

"Hauoni," Bi Uji akasema.

Fundi saa, aliyekaa sakafuni na mtandio kichwani, akacheka kidogo kwa haya.

"Presha ya macho, dada. Pembeni sioni kabisa, na katikati kumebaki kidogo. Kitu kikimeta ndiyo basi, kinafuta kila kitu. Daktari anasema dawa itashikilia kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Ndiyo maana nikafunga kibanda. Nilikuwa naangusha vijisaa vya watu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuambie wewe? Ungenitazama vile."

"Vile vipi?"

"Hivyo hivyo unavyonitazama sasa."

Mkaguzi hakujua uso wake ulikuwaje. Lakini mlango wa kabati ulikuwa mbele yake, unang'aa kama alivyotaka mwenyewe, na ndani yake aliona midomo imebetuka. Haikuwa imebetuka kwa kusudi. Ilikuwa imeshazoea.

Bi Uji alinyanyuka na kuokota vigae vya vikombe. Hakupandisha sauti. "Ningekuwa na hasira nawe, wifi," akasema, "lakini hasira anawekewa mtu unayetarajia jambo kutoka kwake." Kisha akaenda kutafuta ufagio.

Katika maisha yake yote Mkaguzi alikuwa amedharau watu wengi. Kudharauliwa kwa utulivu namna ile, na mwuza kalamu, hakuwahi. Alirudi kwake kwa miguu, akapita kwa jirani bila kusimama.

Kesho yake alimtafuta seremala, akamwambia ang'oe milango yote na gharama ni juu yake. Lakini dukani walikuta lamineti ile ya kwanza imekwisha. Ikabidi kuchagua upya, na Mkaguzi akaenda yeye na Bi Uji, wakitembea mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule.

Kijana wa manukato akatandika mabinti zake. Bi Uji akachukua kipande kimoja. Mkaguzi akakisogelea, akafumba macho nusu, akaweka viganja pembeni ya uso kama farasi aliyefungwa vizibo vya macho, akajaribu kuona kinachobaki.

"Siyo hii. Ina uwaridi ndani. Ukiwasha taa usiku itakuwa kama ngozi ya mtu."

"Hii je?"

"Kijani. Kama mtu mwenye homa. We kijana, huna inayofanana na mchanga? Mchanga, siyo jina la mchanga!"

Walimhenyesha mpaka manukato yakamwisha. Kile walichokipata kilikuwa na rangi ya ndani ya ganda la karanga, kikavu, kisichorudisha mwanga hata ukikipeleka juani. Mkaguzi akakiweka kando ya kipande cha kahawia nzito, akatazama mstari kati ya vipande viwili ulivyojichora wazi hata kwa macho yaliyofumbwa nusu.

"Inafaa," akasema Bi Uji.

"Inachosha kuitazama," akasema Mkaguzi. "Chukua."

Seremala alifanya kazi mara ya pili huku Mkaguzi amekaa kwenye kigoda nyuma yake. Ukingo mmoja ulipofura kwa gundi, alimwamuru aubandue wote aanze upya, na maskini yule aliapa kwamba hatakubali tena kazi mtaa ule.

Fundi saa alipolijaribu jiko, alipita na kidole kwenye kingo za kahawia, akafungua kabati la kwanza, akatoa kikombe, akakiweka mezani bila kugonga kitu. Alirudia kwenye la pili na la tatu kwa furaha ya kitoto iliyomfanya Mkaguzi atazame dirishani.

Hawakupatana, yeye na wifi yake, asikudanganye mtu. Kila Jumamosi Mkaguzi huja, hukaa mezani, huuma ulimi wakati mdogo wake anatafuta sukari, maana ameambiwa asimwelekeze. Wiki iliyopita, sukari ilipochelewa kupatikana, alihitaji kitu cha kusema, akayatazama madirisha.

"Wifi, haya mapazia ni matambara."

"Lete mengine," Bi Uji akamjibu bila kugeuka. "Ila yasiwe ya kumeta."

Mkaguzi akasonya, akatoa futi kwenye mkoba, akaanza kupima dirisha.