Lithiamu Isiyochimbwa

Ushenga ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekukumbuka, na ukiiharibu unakumbukwa mpaka na wajukuu. Sikuuomba. Mpangaji wangu hapa Mjimwema, Songea, ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, kwao ni Kagera, hana baba mdogo wala mjomba huku kusini. Akampenda mwalimu mwenzake, binti wa watu wa Maposeni. Siku moja akanijia kibarazani na suruali iliyopigwa pasi, akaniambia, Mzee, wewe ndiye baba yangu huku. Ukiambiwa hivyo unajibu nini? Mke wangu anasema ningeweza kujibu hapana. Labda ana haki.

Kabla sijalalamika niseme ukweli wake. Ni mtu mzuri. Anafagia uwanja bila kuambiwa, anawaamkia hata watoto. Ila ana tatizo moja: umuulize bei ya nyanya, umuulize habari ya shule, mwisho mtafika kwenye lithiamu. Anachukua shahada ya pili, na hiyo ndiyo habari yake. Anatumiwa vipimo vya nyota kwa kompyuta, vimechukuliwa na mitambo ya nchi za mbali, naye jioni anakaa navyo chumbani anapiga hesabu.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo yafuatayo yachujwe. Nilivyomwelewa, mwanzo kabisa hapakuwa na chuma, wala udongo, wala hewa hii tunayovuta. Palikuwa na gesi mbili nyepesi, haidrojeni na heliamu, na lithiamu kidogo sana, kama chumvi ya kuonjea. Karibu vingine vyote vilipikwa baadaye, vingi ndani ya nyota. Lakini lithiamu haistahimili kupikwa. Ndani ya nyota inaungua na kuisha, kama mchicha uliosahauliwa motoni. Sasa zipo nyota kongwe ambazo juujuu, kwenye ngozi yake, ambako hakuna joto la kule ndani, bado zina lithiamu ile ya mwanzo. Wanaijua kwa kuuchambua mwanga wa nyota ukatoka rangi rangi kama upinde wa mvua. Kila kitu kina mistari yake inayokosekana pale, na wa lithiamu uko kwenye wekundu. Ukiupima mstari huo unajua ulimwengu ulianza na nini mkononi. Nakubali, ni jambo zuri. Ningelifurahia zaidi kama nisingeelezwa nikiwa nimebeba ndoo mbili za maji.

Basi nikaenda Maposeni na barua ya posa. Nikapokewa na baba wa binti, mkulima wa mahindi, mtu asiye na maneno, na mjomba wa binti, ambaye anayo ya wote wawili. Huyu mjomba aliwahi kulinda kambi ya watafiti wa madini, na tangu hapo anaongea kama mwenye kambi. Akaniuliza kijana anafanya nini zaidi ya ualimu. Nikasema anasomea lithiamu.

"Lithiamu hii ya betri?"

Nikasema ndiyo, hiyo hiyo.

Na ni kweli ni hiyo hiyo. Nimemuuliza mpangaji mara mbili tangu siku ile, akasema lithiamu ni lithiamu, iwe ya kwenye simu au ya kwenye nyota. Kwa hiyo sikudanganya. Lakini nilimwona mjomba akiegemea kiti na kumtazama shemeji yake kwa jicho la maana, nikadhani amefurahia elimu. Mkoa wetu huu una makaa ya mawe upande mmoja, urani upande mwingine na vito huko Tunduru. Ukitaja jiwe lolote, watu wanageuza shingo. Ningepaswa kulijua hilo.

Jibu lilikuja haraka kuliko desturi. Wamekubali, na kikao kijacho kijana mwenyewe aje. Kijana huwa haji kwenye vikao hivi, anasemewa. Mimi nikachukulia ni heshima. Mke wangu akasema watu hawaharakishi hivyo bila sababu, na mimi nikamwambia asiwe na roho mbaya. Namrudishia haki yake hapa.

Tulipofika tukakaribishwa togwa, tukaketi kwenye mabenchi. Mjomba hakungoja hata vikombe virudi. Akaagiza kitu ndani, kikaletwa kimefungwa kwenye kitenge. Akafungua. Jiwe, la ukubwa wa muhogo.

"Mwalimu, tuanze na hili. Limetoka mlimani, juu ya shamba la shemeji. Sema tu lina lithiamu kiasi gani."

Mpangaji akaligeuza huku na huku kwa adabu. "Sijui, Mjomba. Mawe siyajui."

"Usiogope, hapa ni kwenu."

"Lithiamu yangu mimi iko kwenye nyota."

Mjomba akacheka, akidhani ni utani wa ukwe. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka kikombe chini. "Huko mnaichimbaje?"

"Hatuichimbi. Tunaitazama."

"Mnaitazama, halafu?"

"Tunaandika."

Ningekuwa na uwezo ningeondoka pale pale kwa miguu mpaka Songea. Lakini mpangaji wangu alikuwa ameulizwa swali, na akiulizwa swali hakuna wa kumzuia. Akaanza na gesi mbili, akaenda kwenye mfano wa mchicha, ambao niliutoa mimi na sasa anautumia kama wake, akafika kwenye nyota kongwe. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaeleza kwamba lithiamu wanayoikuta kwenye nyota hizo ni pungufu kuliko ile ambayo hesabu inasema ilikuwepo mwanzo.

Mjomba akawageukia wazee waliokuwa wamealikwa. "Mmesikia? Haichimbiki, haishikiki, na hiyo kidogo yenyewe imepungua."

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilitaka kucheka, nisiseme uongo. Mpangaji akafurahi kwamba ameeleweka. Akasema hilo ndilo swali kubwa. Nikamkanyaga mguu. Akauvuta mguu, akaendelea: wengine wanasema nyota zenyewe zimeimeza ndani, wengine wanasema hesabu ya mwanzo ndiyo mbovu, yeye binafsi hajui.

Ndipo mjomba akasema wamedanganywa, na wote wakanitazama.

Hapa mshenga mwenye akili angekohoa, angesifia togwa, angeomba muda. Mimi nikasema kwamba nilisema lithiamu, na ni lithiamu, lakini wao walisikia machimbo, na sikuhakikisha wamesikia nini. Kama ile ndiyo yao ilitolewa kwa ajili ya machimbo, basi si halali yetu, tunairudisha. Mpangaji akanitazama kama mtu aliyeuzwa mnadani. Sikumlaumu. Alikuwa amepata mke, na baba yake wa huku ndiye anayemrudisha.

Baba wa binti akamwita binti. Akaja, akapiga goti, akaulizwa kama alijua kazi ya huyu kijana.

"Nilijua, Baba. Na nilimwambia Mjomba."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia ni ya kwenye nyota. Akasema madini siyo mambo ya wanawake."

Mjomba akaanza kulifunga jiwe lake kwenye kitenge, taratibu mno kwa jiwe dogo vile. Baba mtu akasema kwamba wao walimkubali mtu wa madini, na mtu huyo hayupo. Aliyepo ni mwingine. Huyo bado hajaletewa posa yake. Twende, kisha tuje upya.

Upya. Barua upya, nauli upya, nguo nyeupe upya. Njia nzima ya kurudi niliumiza kichwa, nisijue kama tumefukuzwa au tumeitwa. Mpangaji alinishukuru kwa uaminifu wangu kwa sauti ambayo haikuwa na shukrani, na akalala bila kupiga hesabu zake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kesho yake hakutaja lithiamu, na kesho kutwa vilevile, mpaka mke wangu akaniambia niende Maposeni haraka kabla huyu mtoto wa watu hajaugua.

Nikaenda. Mpangaji safari hii alibaki barabarani na bodaboda, kama desturi inavyotaka. Mjomba alikuwepo, mikono kifuani. Baba wa binti akaniuliza, kana kwamba hajawahi kuniona, huyo kijana anafanya nini.

Nikasema ni mwalimu, anaishi kwa mshahara wa mwalimu. Jioni anapima lithiamu ya nyota za kale ajue vitu vyote vilianzaje. Haileti chochote cha kushika mkononi, na ameniambia hataiacha hata akioa.

"Na ile iliyopungua, ameiona?"

"Hajaiona."

"Na anakiri hajaiona."

"Anakiri. Tena hanyamazi."

Yule mzee akatabasamu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. "Huyo ndiye tunayempa," akasema.

Mjomba akataka kujua, kwa kuwa tumefika huko, kama dhahabu nayo iko kwenye nyota. Bahati mbaya jibu nalijua, nilishaelezwa siku nikitengeneza paa. Nikasema iko, ila umbali wake ni ule ule. Naona bado analifikiria.

Nikatoka kwenda barabarani. Nilimkuta mpangaji wangu anamweleza dereva wa bodaboda kwamba boroni na berili hazikupikwa kama vitu vingine, sehemu yake kubwa ni vipande vya vitu vikubwa vilivyogongwa na kupasuliwa huko angani, kama kokoto. Dereva alikuwa anachezea funguo. Nikamwambia mpangaji wamekubali. Akasimama tu, macho yakamjaa maji, akashika bega langu. Halafu akauliza kama walitaka kujua zaidi kuhusu ule upungufu.

Nikamwambia wameuliza ya kutosha, avae kofia twende.