Nimeenda Usenge Kuomba Gauni Langu Mwenyewe

Leo nimekuwa ombaomba wa nguo zangu.

Operesheni ya kupunguza unene ilikuwa iwe kesho, kwa hivyo magauni yangu makubwa yote nilishagawa. Jana hospitali ikapiga simu: "Mama, tumeahirisha. Tutakupigia."

Lini? Hawajui.

Asubuhi nikaenda Usenge kwa wifi yangu. Nikamkuta anaanika dagaa wa omena, amevaa gauni langu la kanisani.

La kanisani, jameni!

"Wifi, si ulisema hutalihitaji tena?" Akacheka.

Nilikuwa nimesema. Tena kwa madaha.

Nimerudi nyumbani Migosi bila gauni, nimejifunga leso ile ile niliyoenda nayo.

Na nyinyi mnaoniandikia "Mungu ana mpango wake", niulizieni: huo mpango una gauni la saizi yangu?